Sh800, saa saba na ng'ombe 30: hesabu ya kusoma Kisumu

Muulize mfanyakazi yeyote wa Kisumu amesoma nini mwezi huu nje ya gazeti na simu, na jibu litakuja haraka: muda sina. Ni jibu la kweli, lakini linapimika. Mwaka 2019 Marc Brysbaert, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Ghent nchini Ubelgiji, alikusanya tafiti 190 kuhusu kasi ya kusoma, zenye washiriki zaidi ya 18,000. Aligundua kwamba mtu mzima anayesoma Kiingereza kimyakimya hupitia maneno 238 hivi kwa dakika katika maandishi ya maarifa, na 260 katika hadithi. Kwa kasi hiyo, ukurasa wa riwaya wenye maneno 300 humalizwa kwa dakika moja na kidogo.

Hiyo ni kasi ya mtu aliyetulia. Sisi wengine tunasoma ndani ya matatu ya Maseno, kwenye foleni ya benki, au saa nne usiku watoto wakishalala, kwa hiyo naupa ukurasa dakika mbili. Riwaya ya kurasa 200 inakula dakika 400, yaani saa sita na dakika 40. Nazifanya saba, kwa sababu zipo kurasa ambazo usingizi huzipitia na ni lazima uzirudie. Sasa chukua dakika 20 kwa siku. Kwa mwaka ni dakika 7,300, karibu saa 122. Kwa saa saba kila moja, hizo ni riwaya 17. Anayefanya kazi Mbita huku familia yake ikiwa ng'ambo ana hesabu nzuri zaidi: tukiipa feri ya Mbita hadi Luanda Kotieno dakika 50, kwenda na kurudi mara moja kwa wiki ni dakika 5,200 kwa mwaka, riwaya 12, kabla hajafungua kitabu nyumbani.

Basi muda upo, ingawa umekatikakatika. Baada ya muda, lawama huhamia kwa pesa, nazo nitazifikia. Lakini kwa vitabu nilivyovisoma karibuni nimeona kwamba gharama kubwa kuliko zote iko kwingine: ni kukipata kitabu chenyewe. Vitabu vingi vilivyoandikwa kuhusu ziwa hili havionekani kirahisi kando ya ziwa hili.

Nianze na kile ambacho hakina shida hiyo. The River and the Source ya Margaret Ogola ilitolewa na Focus mwaka 1994. Mwaka 1995 ilishinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta pamoja na tuzo ya Jumuiya ya Madola ya kitabu bora cha kwanza kwa kanda ya Afrika. Kisha ikawa kitabu cha lazima cha KCSE, na hilo ndilo lililoifikisha kila kijiji. Watahiniwa wa KCSE mwaka 2024 walizidi 960,000. Hata wanafunzi watatu wakigawana nakala moja, kitabu kinachotahiniwa leo kinahitaji zaidi ya nakala 300,000 kwa darasa la mwaka mmoja tu. Riwaya isiyo kwenye orodha ya mtihani ikiuza maelfu machache katika maisha yake yote, imefanya vizuri.

Nakala yangu niliinunua kwa kijana anayetandaza vitabu vya mitumba juu ya turubai, karibu na Oginga Odinga Street. Mgongo wa kitabu umebandikwa utepe mara mbili, na bei, 150, imeandikwa kwa penseli ndani ya jalada. "Hiki chukua leo, omera," aliniambia huku akipangusa vumbi kwa kitambaa. "Kesho utakuta mzazi amekibeba." Mwanafunzi aliyekimiliki kabla yangu ameorodhesha pambizoni sifa za Akoko, mhusika mkuu, moja hadi saba, kwa kalamu nyekundu. Mistari imepigwa chini ya kila neno analosema mwanamke huyo. Kuanzia katikati alama zinapungua, na sura za mwisho, ambako wahusika Aoro na Wandia ni madaktari, ni safi kabisa, kana kwamba hakuna aliyewahi kuzifungua. Hilo limenihuzunisha. Ogola mwenyewe alikuwa daktari wa watoto, aliyewahi kusimamia hospitali ya Cottolengo ya mayatima wenye virusi vya ukimwi jijini Nairobi, na hizo kurasa zisizoguswa ndizo zinazoonyesha ukimwi ukiingia katika familia ambayo msomaji ameshaipenda. Aliandika alichokiona wodini. Mtihani umempa wasomaji wengi kuliko mwandishi yeyote wa kanda hii, na papo hapo umewafundisha wengi wao kuishia katikati.

Namba inayokumbukwa na kila aliyekisoma ni 30: idadi ya ng'ombe waliotolewa kumposa Akoko, binti wa Chifu Odero Gogni wa Yimbo, na Owuor Kembo wa Sakwa akawatoa bila kubishana. Darasani tunaambiwa ni wengi, tunaendelea. Tuwapime. Tukimkadiria ng'ombe mmoja wa kienyeji kuwa Sh50,000, mahari hiyo ni Sh1.5 milioni. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida katika miji mikubwa, Kisumu ikiwemo, kilipandishwa Novemba 2024 hadi takriban Sh16,114 kwa mwezi. Basi ng'ombe wa Akoko ni mshahara mzima wa kibarua kwa miezi 93, karibu miaka minane, bila kula, bila kodi ya nyumba. Mtu akishaiona namba hiyo anaelewa kwa nini ukoo wa Owuor Kembo ulikuwa na kinyongo tangu siku ya kwanza, na kwa nini mjane yule baadaye alikuwa na ujasiri wa kufunga safari hadi Kisumu kumshtaki shemeji yake mbele ya serikali ya wakoloni. Hadhi yake ilikuwa imehesabiwa hadharani, mkia baada ya mkia.

Sasa hesabu ya kitabu kipya. Riwaya iliyochapishwa Kenya huuzwa kwa kawaida kati ya Sh500 na Sh1,000, iliyoagizwa kutoka nje Sh1,500 kwenda juu. Tuchukue Sh800. Kibarua wa Sh16,114 anayefanya kazi siku 26 kwa mwezi, saa nane kwa siku, anapata Sh77 na ushei kwa saa. Kitabu cha Sh800 ni jasho la saa 10 na kidogo. Yaani kukinunua kunamchukua muda mrefu kuliko kukisoma. London, kima cha chini kilichoanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa mwenye umri wa miaka 21 na zaidi, na riwaya ya jalada jepesi huuzwa takriban pauni 9.99. Mfanyakazi wa huko alikilipia kitabu kwa dakika 49 za kazi, na angeweza pia kukiazima bure katika maktaba ya mtaa. Uingereza haitozi vitabu vya karatasi VAT hata kidogo. Kenya, sheria ya VAT ya mwaka 2013 ilivitoza asilimia 16.

Tuifuate hiyo Sh800. Ushuru unaondoka na Sh110, zinabaki 690. Tuseme mwenye duka anabaki na asilimia 30 ya hizo, yaani Sh207, ambazo kwake ni kodi ya duka, stima, mshahara wa msaidizi na hasara ya vitabu vinavyokaa rafuni mwaka mzima. Mchapishaji anapokea Sh483. Mrabaha wa mwandishi ukiwa asilimia 10 ya mapato ya mchapishaji, ni Sh48. Ushuru basi unachukua zaidi ya mara mbili ya anachopata aliyekiandika kitabu. Ili mwandishi afikie kima cha chini cha kibarua, anahitaji kuuza nakala 336 kila mwezi, zaidi ya 4,000 kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana waandishi wakubwa wa upande huu wa ziwa walikuwa na kazi nyingine. Ogola alikuwa hospitalini. Grace Ogot, aliyeishi kati ya 1930 na 2015, alikuwa muuguzi na mkunga, mtangazaji, mbunge wa Gem na waziri msaidizi. Wanawake hao wawili walikuwa na shughuli nyingi kuliko sisi tunaodai hatuna dakika 20 za kusoma.

Nasema hivi pia kwa wale wanaonitumia faili za PDF kwenye WhatsApp kwa nia njema kabisa. Faili moja ikigonga kundi la watu 200 na 20 tu kati yao wangenunua kitabu, mwandishi amekosa Sh960. Si pesa nyingi kwa yeyote kati yetu. Kwake ni mrabaha wa wiki nzima kama kitabu kinatembea polepole.

The Promised Land ya Grace Ogot, ya mwaka 1966, ni riwaya fupi, ya jioni nne au tano kwa mtu anayesoma kwa mafungu. Ochola na mkewe Nyapol wanatoka Seme, mwendo mfupi tu kutoka Kisumu, wanavuka kwenda kutafuta ardhi Tanganyika, na wivu wa jirani unawageuzia neema kuwa maradhi. Nilichokipenda ni kwamba Nyapol aliona hatari mapema na hakuna aliyemsikiliza. Mwandishi hampigii mtu kelele kuhusu jambo hilo, analiacha likue. Kitabu hiki kinafaa kusomwa sambamba na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, inayoanzia Namagondo, kijiji alikozaliwa mwandishi katika kisiwa cha Ukerewe upande wa Tanzania. Ni maji yaleyale, vijiji vya wavuvi na wakulima vilevile, na baba anayedhani ukali ndio ulinzi. Rosa Mistika iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania. Kwa msomaji wa Kisumu anayedhani fasihi ya Kiswahili ni ya pwani tu, hiki ndicho kitabu cha kuanzia: kimeandikwa na mtu wa ziwani.

Kuhusu reli ya kuja ziwani nilisoma The Lunatic Express ya Charles Miller, ya mwaka 1971, kitabu kinene ambacho kingekuwa bora kikipunguzwa theluthi. Wanasiasa wa London wana kurasa nyingi mno. Namba zake lakini ni za kusimamisha pumzi. Njia ya maili 582 kutoka Mombasa ilifika Port Florence, ambayo ndiyo Kisumu hii, Desemba 20, 1901, kwa gharama iliyozidi pauni milioni tano. Vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Gawanya: ni zaidi ya makaburi manne kwa kila maili. Nakaa Kisumu, nimepita stesheni ya zamani mara nyingi, na sikuwahi kuwaza mji huu kwa kipimo hicho.

Kitabu kilichonikamata zaidi ya vyote, hata hivyo, kinahusu samaki. Tijs Goldschmidt ni mwanabiolojia wa Uholanzi aliyefanya utafiti Mwanza miaka ya 1980. Kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1996 kwa jina Darwin's Dreampond. Alikuja kuchunguza furu, ambao huku kwetu tunawaita fulu, samaki wadogo ambao bibi zetu waliwakausha na kuwapika bila kujua kwamba wanasayansi wa dunia nzima wangewalilia siku moja. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800, na Kenya ina asilimia 6 tu. Lina kina cha wastani wa mita 40, bakuli pana lisilo na kina kikubwa, na ushahidi wa matope ya chini unaonyesha kwamba lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita. Maji yaliporudi, aina zaidi ya 500 za furu zilichipuka. Kuna wanaokwangua mwani kwenye mawe, wanaovunja konokono, hata wanaonyang'anya mayai vinywani mwa majike wengine.

Ukigawanya tu, bila kudai kwamba ndivyo maumbile yanavyokwenda, miaka 15,000 kwa aina 500 ni aina mpya moja kila miaka 30. Kisha mbuta, samaki mkubwa anayekula samaki wenzake, akaingizwa ziwani miaka ya 1950, na miaka ya 1980 akaongezeka ghafla. Aina zinazokadiriwa kufikia 200 zilitoweka katika kipindi cha takriban muongo mmoja. Kwa kugawanya kulekule, ni aina 20 kwa mwaka. Kilichochukua vizazi kuumbika kilikuwa kikifutika kila baada ya wiki mbili na nusu. Goldschmidt anaandika kama mtu aliyekuwa akihesabu jamaa zake wakiondoka mmoja mmoja, naye ana haki. Nenda ufuo wa Dunga asubuhi mitumbwi ikirudi: mbuta, ngege, omena. Aina tatu zinabeba karibu soko lote. Kitabu hakimlaumu mvuvi, na hilo nililithamini. Mbuta aliwapa watu kazi, ada za shule na viwanda vya minofu, na mwandishi anayasema hayo waziwazi kabla ya kurudi kwa wafu wake.

Sikukipata kitabu hicho Kisumu. Wala The Promised Land mpya. Hapa ndipo hesabu inaponiuma. Kaunti tano za Kenya zinazopakana na ziwa, yaani Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori, zilikuwa na watu 5,290,824 katika sensa ya 2019. Riwaya ikichapishwa nakala 2,000, na zote zikaletwa huku bila hata moja kubaki Nairobi, ni nakala moja kwa watu 2,645. Kijiji kizima kingegombania kitabu kimoja. Sensa hiyohiyo iliwahesabu Waluo 5,066,966, watu wengi kuliko baadhi ya nchi za Ulaya zenye maduka ya vitabu kila mtaa, lakini ukiuliza kitabu cha hadithi kwa Dholuo utaonyeshwa Biblia na nyimbo za kanisa.

Haikuwa hivyo kwa kukosa watu wa kujaribu. Asenath Bole Odaga alianzisha Lake Publishers papa hapa Kisumu mwaka 1982, akachapisha hadithi za watoto, masimulizi na baadaye kamusi ya Dholuo. Profesa Bethwell Ogot, mwandishi wa History of the Southern Luo ya mwaka 1967, alikuwa na Anyange Press mjini humu, iliyotoa tawasifu ya mkewe Grace, Days of My Life, mwaka 2012. Odaga alifariki 2014, Grace 2015, Profesa Ogot Januari 2025. Kazi hizo zilibebwa na mabega ya familia. Katiba ya 2010 iliorodhesha maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti, na ningependa kuona kaunti zetu tano zikinunua kwa pamoja: nakala 200 za kila kitabu kilichoandikwa kuhusu ziwa, 40 kwa kila kaunti. Kwa Sh800, kitabu kimoja kingegharimu Sh160,000 kwa kaunti zote, Sh32,000 kwa kila moja. Vitabu kumi ni Sh320,000 kwa kaunti. Bajeti ya kaunti huhesabiwa kwa mabilioni.

Wakati hilo likisubiriwa, njia iliyopo ni ile tunayoitumia kwa kila kitu kingine, chama. Watu kumi, kila mmoja ananunua kitabu kimoja cha Sh800 mwezi wa kwanza. Kila mwisho wa mwezi vitabu vinahama mkono. Baada ya miezi kumi kila mmoja amesoma vitabu kumi kwa bei ya kimoja, Sh80 kwa kila usomaji, ambayo ni kazi ya saa moja na dakika chache hata kwa kibarua wa kima cha chini. Kwa muda, vitabu kumi vya saa saba ni saa 70, dakika 14 kwa siku. Mwandishi anapata mrabaha wa nakala moja tu badala ya kumi, na hilo nimelifikiria sana. Lakini wale kumi wasingenunua nakala 100, na msomaji aliyezoea Ogot mwishowe hununua Ogot.

Chama chetu kina mwalimu wa shule ya msingi, mwendesha bodaboda wa Kondele, wauguzi wawili, mama anayeuza omena Kibuye na wengine wa ofisini. Sharti ni moja: kitabu kisikae mkononi zaidi ya mwezi, na anayekichelewesha analipa Sh50 za kukifunga jalada upya. Vitabu visivyopatikana mjini tunaviagiza Nairobi katika kifurushi kimoja kinacholetwa na basi la usiku, ili nauli igawanywe kwa kumi. Orodha ya mwaka huu ina The Promised Land, Land Without Thunder, Rosa Mistika, Not Yet Uhuru ya Jaramogi Oginga Odinga, Days of My Life, Darwin's Dreampond ambayo mmoja wetu ameahidiwa na jamaa yake aliye ng'ambo, na vingine vitatu ambavyo bado tunavibishania. Nafasi ya kumi tumeiwekea Miaha, riwaya ya Dholuo ambayo Grace Ogot aliitoa mwaka 1983 na Okoth Okombo akaitafsiri kwa Kiingereza. Tafsiri tumeiona. Miaha yenyewe hatujaipata, na aliye nayo, hata ikiwa imechakaa na kung'oka jalada, tutamlipa bei ya kitabu kipya.